Pembe Mbili za Mlenda

Mvua zikishashika Dodoma, mashamba ya uwele na mtama huwa na wakazi wengi kuliko wale waliopandwa. Chini ya mabua, kwenye mchanga mwekundu unaokauka saa chache tu baada ya mvua kukatika, huchipua majani ambayo mkulima wa kwingine angeyaita magugu na kuyapitishia jembe. Mama wa Kigogo akiyafikia huinua jembe, akayaruka, akaendelea na palizi. Huo ni mlenda. Mbichi huliwa wakati wa mvua. Unaobaki huanikwa, hutwangwa ukawa unga wa kijani, na unga huo ndio unaoshusha ugali katika miezi yote mikavu, kuanzia Mei mpaka mawingu yarudi mwishoni mwa mwaka. Nyanda za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, na usipohifadhi mboga wakati huo utakula ugali na chumvi.

Kwa mpishi, mlenda ni mlenda. Lakini inama katika shamba moja tu, njia ya kwenda Hombolo, uone mimea mingapi inaitwa hivyo. Upo wenye maua ya njano na majani yanayopishana kwenye shina. Upo wenye maua ya waridi na majani membamba, marefu. Na upo wenye maua ya waridi vilevile, ila majani yake ya chini ni mapana na yana meno pembeni. Yote huteleza, yote huingia chungu kimoja. Huo wa majani mapana ndio uliomleta mtaalamu niliyefuatana naye, na mimi nilitaka kuona jinsi mtu anavyotoka kwenye "kijimea chenye maua ya waridi" na kufika kwenye jina ambalo mwenzake wa Arusha, Nairobi au London akilisoma atajua hasa ni mmea gani unaozungumzwa.

Nitamwita mtaalamu, kama walivyomwita wenyeji. Ni mtu wa makamo, mwembamba, asiye na haraka ya kusema. Shingoni ana lenzi ndogo ya mkono, inayokuza mara 10, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani ya mfuko wake mna wembe, kibano chenye ncha kali, sindano mbili zilizochomekwa kwenye vijiti vya kushikia, rula ya plastiki, na daftari la jalada gumu. Anaandika kwa penseli, kwa kuwa wino huenea karatasi ikilowa. Begani kabeba presi: fremu mbili za fito zilizopigwa misumari zikapishana, na katikati yake magazeti ya zamani, karatasi za kunyonya maji na vipande vya boksi, vyote vimebanwa kwa mikanda miwili.

Kwanza alipiga hodi. Mwenye shamba alikuwa ameinama kwenye palizi, kanga kiunoni.

"Mbukwenyi, mama."

Mama aliitikia, akatazama lile furushi la fito. Alipoambiwa kinachotafutwa alicheka. "Hayo majani yamekukosea nini, mwanangu?"

"Hayajanikosea. Nataka kuyafahamu vizuri."

"Basi njoo jioni uyale. Ndivyo yanavyofahamika."

Ruhusa ilipopatikana, nilidhani atachuma. Hakuchuma. Alisimama akatazama chini, kisha akatazama mbali. Aliandika kwanza mahali mmea ulipo kabla ya kuandika mmea wenyewe: mchanga mwekundu, mteremko mdogo, juu ya mbuga ya udongo mweusi iliyoonekana kwa chini, shamba la uwele lililopaliliwa mara moja, mgunga mmoja mpakani. Simu ilimpa latitudo, longitudo na mwinuko. Haya yote hayaonekani kwenye jani likishakauka, na mmea unaopenda mchanga una ndugu anayependa udongo wa mbuga. Ukisahau kuandika udongo umetupa nusu ya ushahidi.

Halafu alitembea kati ya mistari akitazama mimea mingi ya aina ile ile. Mmoja ulikuwa umedumaa kando ya kichuguu, mwingine ulikuwa umetambaa, mwingine umesimama ukipita goti. Alichokuwa akikitafuta ni kile kinachobaki vilevile katika yote. Urefu hubadilika kwa mvua na rutuba, rangi ya ua hufifia kwa jua, ukubwa wa jani hutegemea kivuli. Anayejifunza kazi hii huanza kwa kutazama rangi na ukubwa, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwanza. Mtaalamu huviandika, lakini havitegemei. Anatafuta mpangilio: kipi kimekaa wapi, ni vingapi, vimeungana au vimeachana.

Alichagua mmea mmoja uliokuwa na kila kitu kwa pamoja, yaani tumba, ua lililofunguka, tunda bichi na tunda lililokauka. Aliuchimba kwa sururu ndogo kutoka mbali, akizunguka, akaunyanyua pamoja na mzizi na kuutikisa taratibu. Mzizi ulikuwa mmoja mwembamba, mweupe, wenye vijimizizi vichache. Huo ni mmea wa msimu mmoja: hauna kiazi wala kisiki cha kuvukia kiangazi. Aliufuata mzizi kwa kidole mpaka ncha, na hapo nikajua anakagua jambo jingine. Katika mashamba haya kuna kiduha, ambacho nacho kina ua lenye midomo miwili, jekundu au la waridi, na ambacho mizizi yake hunasa mizizi ya mtama na kunyonya humo. Mzizi huu ulikuwa huru, haukushika bua la mtu. Kiduha kikaondolewa.

Kutoka mzizini alipanda juu. Alivingirisha shina kati ya vidole viwili: lina pembe nne zisizo kali sana, na vinywele laini. Kwenye kila kifundo majani mawili yalitazamana. Aliteremka tena mpaka chini kuhakikisha, kwa maana kuna mimea ambayo majani yake hutazamana chini na kupishana juu. Jani la chini ni pana, lina umbo la yai na meno makubwa ukingoni. Kadiri unavyopanda, majani yanakuwa membamba na meno yanapungua, hata yale ya karibu na ncha yanafanana na mkuki. Mtu aliyekata kilele peke yake akakipeleka mjini angekuwa na mmea mwingine kabisa mkononi. Mtaalamu alichora majani matatu kando kando, la chini, la kati na la juu, na chini ya kila moja akaandika urefu na upana kwa milimita.

Kufikia hapo alikuwa na mambo matatu: majani yanayotazamana, shina lenye pembe nne, ua lenye midomo miwili. Mtu mwenye haraka angesema huo ni wa ukoo wa kivumbasi, kwa sababu kivumbasi kina hayo yote. Yeye alisugua jani kati ya vidole akanusa. Kivumbasi hujitangaza kwa harufu kabla hata hujakiona. Hili jani halikuwa na harufu yoyote ya kukumbukwa. Akatoa chupa ya maji, akadondosha tone kwenye jani lile lile, akasugua tena, kisha akatenganisha kidole gumba na cha shahada. Uzi mrefu, mwangavu, ulivutika kati ya vidole bila kukatika.

Jambo ambalo mama wa Kigogo hulijua chunguni, mtaalamu hulitumia kama hoja. Chini ya lenzi, sehemu zote za kijani za mmea huu zina vidoa vidogo vinavyong'aa, kwenye shina, kwenye kikonyo cha jani, na hasa upande wa chini wa jani. Ni vinywele vifupi vyenye kichwa, na chini ya hadubini kila kichwa huonekana kimegawanyika seli nne. Vikikutana na maji hutoa ute. Ukoo wa ufuta wote unajulikana kwa vinywele hivyo. Ndiyo: mlenda huu ni ndugu wa ufuta unaolimwa Dodoma na Singida na kupelekwa kukamuliwa mafuta. Mtaalamu hakulisema hilo bado. Aliandika tu: "ute mwingi ukiloweshwa," akapiga mstari chini ya neno mwingi.

Ute peke yake haukumtosha. Ule mlenda wa maua ya njano nao una ute, nao si ndugu wa ufuta hata kidogo; ni wa ukoo wa bamia. Alinionyesha mmoja uliokuwa hatua chache tu pembeni: majani yanapishana, ua lina petali tano zilizoachana, na ndani yake stameni nyingi zimesimama pamoja. Akauacha hapo ulipo.

Alichofanya baada ya hapo sikukitarajia. Aligeuza kifundo kimoja kwenye mwanga na kuniwekea lenzi jichoni. Pale kikonyo kifupi cha ua kinapoungana na shina palikuwa na vifungo viwili vidogo vya manjano, kimoja kila upande, na sisimizi mmoja akiwa ameinamia kimoja. Hivyo ni vitezi vya asali. Kwa asili yake kila kimoja ni ua ambalo halikukua. Badala ya kufunguka, lilibaki kifungo kinachotoa utamu nje ya maua halisi. Ukilima ufuta, huvitazami; ukitaka kuutambua ufuta, hivyo ndivyo unavyoviendea. Niliuliza kwa nini hakuanza na hivyo kama ni alama kubwa namna hiyo. Alisema ukianza na alama unayoitarajia, utaiona hata mahali ambapo haipo.

Sasa ua. Aliketi chini ya mgunga, akaweka kipande cha boksi magotini, na juu yake ua moja lililofunguka asubuhi ile. Kabla ya kulikata alilipima: karibu sentimita 3. Alihesabu sepali, tano, nyembamba, zenye vinywele. Petali pia ni tano, lakini zimeungana zikafanya mrija uliopinda kidogo na kuvimba upande mmoja. Mdomoni zinaachana: mbili juu, tatu chini, na ile ya katikati ya chini imejitokeza mbele kuliko zote, ina mistari ya zambarau iliyoiva inayoingia ndani ya koo la ua. Nyuki hutua juu ya hiyo na kufuata mistari.

Alichukua wembe, akapasua mrija upande wa chini kutoka mdomoni mpaka kwenye kitako kwa mkato mmoja, kisha kwa sindano mbili akaufungua ukalala bapa kama kitabu kilichowekwa mezani. Sindano ya kushoto ilishika, ya kulia ikasogeza. Mikono haikutetemeka, na aliacha kupumua kwa muda ule. Ndani kulikuwa na stameni nne, zimeota kwenye ukuta wa mrija wenyewe, mbili ndefu na mbili fupi. Carl Linnaeus wa Sweden, aliyepanga mimea yote aliyoijua kwa kuhesabu stameni katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliweka ufuta kwenye kundi la maua yenye stameni nne, mbili zikizidi mbili kwa urefu. Mpangilio wake wa jumla umeachwa zamani, maana uliweka pamoja mimea isiyo na undugu, lakini hesabu ile ya stameni bado ni hatua ambayo hakuna mtambuzi anayeiruka.

Kilichobaki katikati ni ovari. Aliilaza, akaikata kwa upana na kukishika kipande kwa kibano mbele ya lenzi. Vyumba vinne, na katika kila chumba mbegu changa. Alikata nyingine kwa urefu: mbegu zimepangana mstari mmoja katika kila chumba, moja juu ya nyingine. Hapo ukoo wa kivumbasi ulitoka kabisa, kwa sababu wao ovari yao ina mapande manne na kila pande lina mbegu moja tu. Hata mimea ya porini yenye matunda yanayopasuka kwa mlio na kurusha mbegu, ambayo hapa Dodoma ni mingi na maua yake hudanganya sana, ilitoka, kwani mbegu zake hukaa juu ya vijindoano vigumu. Hapa hapakuwa na ndoana.

Na bado alikuwa hajataja jina.

Tunda aliliacha mwisho. Alichukua bichi moja na kavu moja. Lile kavu lilikuwa la kahawia, bapa, kama sentimita 2, limeanza kupasuka kwa juu. Tunda la ufuta wa shambani huisha kwa ncha moja fupi katikati. Hili juu lilikuwa limekatika tambarare, na kwenye kila kona ya bega lake palisimama pembe, mbili kwa jumla, ngumu, zikitazama pembeni. Alipitisha kucha juu yake ili azisikie. Kisha akalichukua lile bichi: pembe zilikuwapo, laini bado, kijani. Akachukua tunda la mmea wa jirani, na la mmea wa tatu. Pembe, pembe.

Ndipo alipotoa ufunguo wa utambuzi. Wasiouzoea watashangaa jinsi ulivyo mkavu: jozi za sentensi tu, na kila jozi inakutaka uchague moja. Majani yanatazamana, au yanapishana? Tunda lina miiba, mabawa au pembe, au halina? Kila jibu linakupeleka kwenye namba nyingine, mpaka njia zimalizike. Mfaransa Lamarck aliutumia mtindo huu katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa cha mwaka 1778, na mpaka leo hakuna aliyebuni njia bora ya kumlazimisha mtu atazame kabla ya kusema. Kwa Afrika Mashariki, kazi kubwa ya aina hii ni ile iliyoongozwa kutoka bustani ya Kew, London: sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, ikakusanya zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu ya ukoo wa ufuta ilitoka mapema, mwaka 1953, imeandikwa na Eileen Bruce, nayo ni kijitabu chembamba tu. Humo nchi yetu imegawanywa kwa herufi na namba. Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida ni T5.

Alisoma kila swali kwa sauti ya chini, hata yale ambayo jibu lake lilikuwa wazi. Mahali pamoja alirudi nyuma hatua mbili, akatazama tena ukingo wa jani, akaendelea. Alipofika mwisho alisoma maelezo yote ya spishi, mstari kwa mstari, akiweka kidole kwenye mmea kila palipotajwa kitu. Kisha akaandika: Ceratotheca sesamoides. Aliyeupa jina hilo ni Stephan Endlicher wa Vienna, mwaka 1832. Miaka ya karibuni wako wanaotaka mmea huu uingizwe moja kwa moja katika jenasi ya ufuta, Sesamum, pembe au bila pembe. Mtaalamu anaijua hoja hiyo na haimsumbui. Jina linaweza kuhamishwa kwenye karatasi. Mabega ya tunda yatabaki na pembe zake.

Siku hizi zipo programu za simu zinazotambua mmea kwa picha moja. Si mbaya, na kwa maua ya bustani mara nyingi hupatia. Lakini picha haitelezi ukiidondoshea maji, na haina ovari ya kukata.

Kuukausha mmea kulikwenda haraka, maana mikono yake inaijua kazi hiyo. Aliulaza ndani ya gazeti akiukunja mara moja ili uenee. Jani moja aligeuza upande wa chini uonekane, jingine upande wa juu. Lile ua lililopasuliwa aliliweka peke yake kwenye kipande cha karatasi, na matunda makavu ndani ya bahasha ndogo ili mbegu zisipotee. Mikanda ikakazwa kwa goti. Karatasi zitabadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Zikiachwa, mmea wenye ute kama huu hugeuka mweusi na kuota ukungu. Alikusanya minne inayofanana na kuipa namba moja, kwa sababu nakala hazikai mahali pamoja: moja ya hebariamu ya taifa kule Arusha, moja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine za kubadilishana na nje.

Desturi hiyo ya nakala imelipiwa gharama. Wajerumani walipotawala Tanganyika walipeleka mimea mingi Berlin, na mingi kati yake ilikuwa ile ya kwanza kabisa kuelezwa, ambayo jina huitegemea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebariamu ya Berlin ilipigwa mabomu, na sehemu yake kubwa ikateketea. Palipokuwa na nakala mahali pengine, jina lilinusurika na ushahidi wake. Pasipokuwapo, yalibaki maandishi tu.

Mtaalamu alipokuwa akijaza lebo, mama alikuja na ungo wake akaketi karibu. Alikuwa amechuma machipukizi ya asubuhi, na nilipotazama vizuri niliona ameyatenga mafungu matatu bila kuwa na ua hata moja la kumsaidia. Mboga nzuri huchumwa kabla haijatoa ua. Kwa hiyo mama huyu huutambua mmea katika umri ambao ufunguo wa Kew hauwezi kuutambua. Mtaalamu alilitambua hilo kabla yangu. Aliweka penseli chini, akaomba jani moja kutoka kila fungu, akamwuliza anajuaje.

"Hili," mama alisema akilibana, "linashika kidole. Hili ni gumu kidogo, na harufu yake si ya hilo. Na hilo la tatu ukilikunja linapiga mlio." Alilikunja. Kweli lilipiga mlio mdogo.

Mtaalamu aliyaandika yote, pamoja na jina la Kigogo, ilende, na jinsi linavyoanikwa. Aliniambia palikuwa na mtu aliyefanya kazi ya namna hii katika nyanda hizi kabla ya vitabu hivyo vya Kew: B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o, aliyekaa Kondoa na Shinyanga na kupita vichaka vya Itigi kwa miguu. Waliopambana na mbung'o walihitaji kujua vichaka wakiwa humo humo porini, bila meza wala hadubini, na Burtt aliwaandikia ufunguo wa miti, vichaka na mimea ya kutambaa. Hakuuona umechapishwa. Alikufa kwa ajali ya ndege Juni 1938 pamoja na mkuu wake, Swynnerton, na sehemu ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata. Jenasi moja ya vichaka vya Itigi inaitwa Burttia.

Ulibaki ule mlenda wa majani membamba. Mtaalamu aliuchunguza kwa utaratibu ule ule, kuanzia mchanga mpaka ua: mzizi, shina, ute, vitezi viwili, mrija wa waridi, stameni nne. Nikangoja ataje ufuta-pori, maana hata mimi sasa nilikuwa nimeshausoma. Alitafuta tunda lililokomaa shamba zima. Palikuwa na matumba na maua, na vitunda viwili vitatu vya kijani visivyozidi ukucha, ambavyo ncha zake hazijaamua umbo. Aliandika Sesamum, akaacha nafasi tupu mbele yake.

"Si unaujua?" nilimwuliza.

"Nadhani naujua."

Alimgeukia mama akamwomba amwachie mmea mmoja tu, ule uliokuwa kando ya kichuguu, usichumwe mpaka utoe matunda na kukauka. Atarudi mwezi wa nne.

Mama aliutazama mmea, akamtazama yeye. "Mimi nitakuachia. Mbuzi wa jirani je, nao umewaomba?"

Mtaalamu aliinuka, akachukua panga la mama na kwenda mpakani kukata matawi makavu ya mgunga. Aliyapanga kuuzunguka mmea, miiba nje, akayafunga kwa kamba ya katani, na juu yake akafunga kibao cha karatasi chenye namba.

"Na mvua ikikatika mapema?" mama aliuliza.

"Basi mwakani."